Kupiga Picha za Karibu Sana kwa Lenzi ya Kawaida: Mwongozo Kamili kwa Mwenye Bajeti Ndogo

Kwa muda mrefu nimekuwa nikionyeshwa picha za aina moja. Ni chungu (yule mdudu wa jamii ya siafu), ua la mwasumini au jicho la panzi, na karibu kila kitu kimefunikwa na ukungu, isipokuwa sehemu moja ndogo iliyotulia, ambayo mara nyingi si ile aliyoikusudia mpigaji. Wengi wanaonionyesha ni vijana wa hapa Tanga wenye kamera iliyotumika na lenzi iliyokuja nayo, na karibu wote huuliza waweke akiba kwa muda gani hadi waweze kununua lenzi ya makro, yaani iliyotengenezwa kwa ajili ya picha za karibu sana.

Jibu langu ni kwamba lenzi siyo inayowaangusha. Picha zao zinaharibiwa na mambo matatu: kuzungusha pete ya fokasi (ile ya kutuliza picha) badala ya kusogeza mwili, mwanga usiotosha, na upepo. Lenzi waliyo nayo, ikigeuzwa mbele nyuma, inakuza vya kutosha kuonyesha vinyweleo vya mguu wa chungu. Mwongozo huu ni wa mwenye kamera ya kubadilisha lenzi, na mwenye simu nimemwekea sehemu yake mwishoni, ingawa hatua za mwanga na upepo zinamhusu vilevile.

## Vifaa vya kuandaa

- Kamera yoyote ya kubadilisha lenzi, pamoja na lenzi yake ya kawaida ya mm 18-55. Lenzi ya mm 50 isiyo na zumu ni bora zaidi. Iliyo bora kuliko zote kwa kazi hii ni lenzi ya zamani ya kamera ya filamu, yenye pete ya kubana na kufungua kwa mkono tundu linalopitisha mwanga, kwa hiyo ulizia kwa wazee na kwenye studio za zamani kabla ya kununua chochote.
- Pete ya kugeuzia lenzi. Ni kipande cha chuma kisicho na kioo wala umeme, na ndiyo maana bei yake ni ndogo.
- Ufito mnyoofu unaokufikia kidevuni.
- Soksi safi iliyojazwa maharage na kufungwa mdomo.
- Boksi la kadibodi, foili ya jikoni, selotepu, mkasi, na plastiki nyeupe inayopitisha mwanga bila kuonyesha ng'ambo, kama ile ya chupa ya maziwa.
- Vibanio viwili vya nguo.
- Rula ya shule na sarafu ya shilingi 200.
- Pampu ndogo ya mpira ya kupulizia vumbi, na kitambaa laini.

### Namba ya pete: hapa ndipo pesa hupotea

Pete ya kugeuzia ina pande mbili. Upande mmoja una meno yanayoingia kwenye mwili wa kamera, na lazima yawe ya aina ya kamera yako, kwa kuwa pete ya Canon haikai kwenye Nikon. Upande wa pili una hesi zinazoingia kwenye mdomo wa mbele wa lenzi, pale panapofungwa kichujio, na hesi hizo lazima zilingane na kipenyo cha mdomo huo.

Kipenyo hicho huandikwa mbele ya lenzi kikitanguliwa na alama ya duara lililokatwa kwa mstari, kwa mfano Ø58 au Ø52. Watu husoma maandishi makubwa ya 18-55, wakaagiza pete ya 55 kutoka Dar es Salaam, wakaisubiri hadi ifike kwa basi, kisha wakakuta haishiki. Mimi mwenyewe niliagiza hivyo mara ya kwanza, na muuzaji hakuniuliza chochote. Namba ya 18-55 inaeleza zumu ya lenzi na haihusiani kabisa na ukubwa wa mdomo wake.

Zipo njia nyingine mbili za gharama nafuu. Vichujio vya kukuza, vile vinavyoandikwa +4 au +10, hufungwa mbele ya lenzi na kuacha kamera ifanye kazi zake zote, lakini vile vya kioo kimoja hufifisha kingo za picha na kuacha michirizi ya rangi. Pete za kurefushia, ambazo hukaa kati ya kamera na lenzi, hazina kioo na haziharibu picha. Ukipata zenye mawasiliano ya umeme kwa bei unayoimudu, zichukue, kisha anza kwenye hatua ya 3. Kwa mwenye fedha kidogo, lenzi iliyogeuzwa ndiyo inayotoa picha kali zaidi kwa kila shilingi, na ndiyo nitakayoifuata hapa.

## Hatua ya 1: Bana tundu la lenzi kabla ya kuigeuza

Lenzi ikigeuzwa, vile vidoa vya chuma vinavyounganisha kamera na lenzi vinabaki vikitazama nje, na kamera haiwezi tena kuiamuru lenzi ifanye lolote. Tundu litabaki kama ulivyoliacha, kwa hiyo lazima ulipange mapema.

Mwenye lenzi ya zamani atazungusha pete ya tundu hadi kwenye 8 (huitwa f/8; namba ikiwa kubwa, tundu ni dogo), na hatua hii imekwisha.

Mwenye Canon ya EOS na lenzi ya EF au EF-S afunge lenzi kwa njia ya kawaida, achague Av (mpangilio wa kuchagua tundu mwenyewe), aweke f/8, kisha aamshe kamera kwa kubonyeza nusu kitufe cha shata, kile cha kupigia picha. Halafu abonyeze na kushikilia kitufe cha kuhakiki kina cha fokasi, ambacho katika kamera nyingi kipo mbele, pembeni mwa lenzi. Katika baadhi ya kamera za bei ya chini kazi hiyo hupangiwa kitufe cha SET kupitia menyu. Kitufe hicho kikiwa bado kimebonyezwa, afungue lenzi na kuitoa.

Mwenye Nikon na lenzi ya G (isiyo na pete ya tundu) atakuta kinyume chake. Lenzi hiyo ikitolewa hubana tundu hadi mwisho, na kijiti kidogo cha chuma kilichopo nyuma yake ndicho kinachofungua. Kisukume taratibu hadi tundu lifikie kiasi cha kati, kisha kizuie kwa kipande cha karatasi kilichokunjwa. Usitumie kitu kigumu wala usilazimishe, kwa sababu kijiti hicho kikipinda, lenzi haitapanga mwanga vizuri tena hata ukiirudisha katika hali ya kawaida.

*Utajua umefaulu* ukitazama ndani ya lenzi na kuona vibamba vyembamba vimebana na kuacha tundu dogo katikati. Ukiona tundu wazi kabisa, rudia, kwa sababu kwa tundu wazi eneo lililotulia litakuwa jembamba kuliko unyoya na hutalipata.

## Hatua ya 2: Geuza na ufunge

Ifunge pete kwenye lenzi kwanza, juu ya meza. Anza kwa kuizungusha kinyume hadi usikie hesi zikidondokeana, ndipo uizungushe mbele. Ukiilazimisha ikiwa imekaa upande, hesi zitakatana na pete haitatoka. Baada ya hapo shika kamera ikitazama chini, toa kifuniko chake na uifunge pete upesi.

Fanya kazi hii ndani ya nyumba. Sasa kioo cha nyuma cha lenzi, ambacho kwa kawaida hujificha ndani ya kamera, kipo nje kikitazama upepo, na kila unapobadilisha lenzi unaacha kamera wazi. Nilipoteza shata ya kamera yangu ya kwanza, lile pazia la ndani linalofunguka na kufunga, ufukweni Raskazone kwa kubadilisha lenzi nikiwa nimechuchumaa mchangani wakati wa upepo. Chembe chache za mchanga ziliingia, na shata ilikwama siku ile ile.

Weka kamera kwenye M (mpangilio wa mkono). Kamera nyingi za Nikon za bei ya chini hazipimi mwanga zikiwa hazioni lenzi, na zinafanya kazi kwenye M pekee, kwa hiyo utarekebisha mwanga kwa kutazama picha iliyotoka. Katika kamera zisizo na kioo cha ndani (mirrorless), tafuta kwenye menyu ruhusa ya kupiga picha bila lenzi na uiwashe, vinginevyo kitufe cha shata hakitafanya kazi.

## Hatua ya 3: Pima ukuzaji kwa rula

Laza rula mezani, isogelee hadi mistari yake itulie, piga picha, kisha hesabu ni milimita ngapi zimeenea kutoka ukingo mmoja wa picha hadi mwingine. Sensa (bamba la ndani linalonasa picha) ya kamera nyingi za kawaida ina upana wa mm 22 hadi 24. Ukihesabu milimita 22 au 24, umepata ukubwa halisi, yaani moja kwa moja (1:1). Ukihesabu 11, umekuza mara mbili.

Utagundua jambo linalowachanganya wengi: kwenye lenzi iliyogeuzwa, zumu nayo imegeuka. Ukiiweka kwenye 55 ukuzaji unakuwa mdogo, na ukiiweka kwenye 18 unapanda sana, huku lenzi ikimkaribia mdudu zaidi. Anza na 55 na ubaki hapo wiki nzima. Kila ukuzaji unapoongezeka, eneo lililotulia linakuwa jembamba, mwanga unapungua na mtikisiko wa mkono unaonekana zaidi, na mwanafunzi anayeanza na 18 hukata tamaa siku ya kwanza.

## Hatua ya 4: Tafuta fokasi kwa mwili wako

Hapa ndipo wengi wanaposhindwa, na hapa ndipo pa kukaa muda mrefu.

Katika picha ya kawaida unasimama ulipo na kuiacha lenzi itafute fokasi. Kwenye ukubwa halisi, kwa f/8, unene wa eneo linalotulia ni kama mm 0.6, sawa na karatasi sita za A4 zilizobanwa pamoja. Pete ya fokasi ya lenzi iliyogeuzwa haileti mabadiliko ya maana, na hata kwenye lenzi isiyogeuzwa, kuizungusha kunabadilisha ukuzaji kabla fokasi haijakaa. Kinachobaki ni umbali kati ya lenzi na kitu. Umbali huo, ambao kwa lenzi iliyogeuzwa ni sentimita 5 hadi 9 hivi, unaubadilisha kwa kuinama mbele na kurudi nyuma, kidogo kidogo.

Jifunze kwa sarafu ya shilingi 200 kabla ya kugusa mdudu. Ilaze mezani karibu na dirisha, upande wa simba ukiwa juu, na uweke kamera juu ya soksi ya maharage. Ikandamize soksi kwa mkono wa kushoto, taratibu, na utaona fokasi ikitambaa juu ya chuma: kwanza itashika ukingo, kisha manyoya, kisha jicho. Ukiacha kukandamiza, inarudi ilikotoka. Fanya hivyo hadi mkono uzoee kwamba nusu milimita ni safari ndefu.

Baada ya hapo ondoka mezani na uchukue ufito. Usimike ardhini mbele yako, ushike kwa mkono wa kushoto, na uilaze lenzi juu ya ngumi hiyo hiyo inayoshika ufito, huku mkono wa kulia ukishika kamera na kiwiko chake kikibanwa ubavuni. Sasa kamera, mkono na ardhi ni kitu kimoja, na unaweza kuyumba mbele na nyuma bila kutikisika pembeni. Stendi ya miguu mitatu inafaa kwa sarafu na maua yaliyokatwa, lakini kwa mdudu aliye hai, hadi umalize kurekebisha miguu yake, mdudu ameshakwenda.

Piga ukiwa unakwenda mbele. Sogea polepole kutoka mahali ambapo bado kuna ukungu, na mara jicho la mdudu linapoanza kutulia bonyeza shata mfululizo, picha tano hadi kumi, bila kusimama. Ukingoja hadi lionekane kali kabisa ndipo ubonyeze, mwili wako utakuwa umeshapita. Toa pumzi nusu kabla ya kuanza, uizuie, na umalize kabla hujahitaji kuvuta nyingine.

Kama mwili wa mdudu umelala kwa urefu, pangilia kamera ikae sambamba na ubavu wake. Eneo lile la unene wa karatasi sita ni kama kioo cha dirisha kilichosimama mbele ya lenzi: chochote kinacholingana nacho kitatulia chote, na kinachokikata kwa pembe kitatulia mahali pamoja tu.

*Utajua umefaulu* ikiwa katika picha kumi za sarafu, tatu zina jicho la simba lililotulia. Kwa mdudu aliye hai, moja katika kumi ni kazi nzuri, na hata wazoefu hurudi na nyingi za kufuta.

## Hatua ya 5: Tengeneza mwanga wako

Tundu limebanwa, ukuzaji umekula mwanga, na lenzi ipo sentimita chache kutoka kwa mdudu ikimtupia kivuli. Jua la saa sita haliondoi tatizo hili, kwa kuwa linaunguza sehemu nyeupe na kuacha tumbo la mdudu likiwa jeusi. Tumia flashi iliyopo juu ya kamera, lakini usiitumie ikiwa tupu: ni taa ndogo, iko juu, na lenzi itaizuia isifike chini.

Tengeneza mfereji wa mwanga kwa boksi la kadibodi, hivi:

1. Pima umbali kutoka kwenye taa ya flashi hadi mwisho wa lenzi, kisha ongeza sentimita 4.
2. Kata kadibodi na uikunje iwe mfereji wa urefu huo, mwembamba upande wa flashi kiasi cha kuikumbatia, na mpana wa sentimita 10 hivi upande wa mbele.
3. Bandika foili ndani, upande unaong'aa ukitazama mwanga, ili mwanga usafiri hadi mwisho bila kumezwa na kadibodi.
4. Mwisho wa mbele ukate kwa mshazari ili mdomo wake utazame chini, kule atakapokuwa mdudu.
5. Funika mdomo huo kwa plastiki nyeupe. Ikiwa ni nyembamba, weka mbili, zikiachana kwa sentimita moja.
6. Funga mfereji kwenye kamera kwa mpira wa pesa, ukiacha nafasi kati ya taa na kadibodi ili joto la flashi litoke.

Sababu ya kazi yote hii ni moja: mwanga huwa laini pale chanzo chake kinapokuwa kikubwa kuliko kitu kinachomulikwa. Taa ya flashi ikiwa tupu ni nukta ndogo, lakini plastiki ya sentimita 10 iliyo karibu na chungu wa milimita nane ni anga nzima kwake. Vivuli vinalainika, na mgongo wake unaong'aa haupati doa jeupe la kuchoma macho.

Faida ya pili ni kubwa zaidi. Mwako wa flashi huchukua sehemu ndogo sana ya sekunde, na kwa kuwa karibu mwanga wote wa picha unatoka humo, mtikisiko wa mkono wako hauna muda wa kuonekana.

*Ijaribu kwa sarafu.* Ukiona mng'aro mpana na laini juu ya simba, mfereji umefaa. Ukiona nukta kali nyeupe, ongeza plastiki au uusogeze mdomo karibu zaidi.

## Hatua ya 6: Mipangilio ya kuanzia

Kasi ya shata iwe 1/200 ya sekunde, na usipite hapo ukitumia flashi, kwa sababu kamera nyingi za bei ya chini zinaweza kuacha mkanda mweusi upande mmoja wa picha. Tundu libaki f/8 ulilolipanga. ISO, yaani wepesi wa kamera kunasa mwanga, iwe 200. Flashi iwe kwenye mpangilio wa mkono, nguvu ya robo: picha ikiwa na giza panda hadi nusu, na ikiungua shuka hadi moja ya nane. Hifadhi faili za RAW (picha ghafi ambazo kamera haijazichakata) ikiwa memori kadi inatosha.

Ukitaka kubana tundu zaidi ili upate eneo nene lililotulia, simama kwenye f/11. Ukiendelea hadi f/16 au f/22, mwanga unapopita kwenye tundu dogo husambaa, na picha nzima inapoteza makali, hata pale palipo katika fokasi.

## Hatua ya 7: Chagua saa, kinga upepo

Anayeishi pwani anaujua upepo. Kusi likivuma kati ya mwaka, jani la mgomba halitulii tangu asubuhi, na hata kipindi cha kaskazi, upepo wa baharini huamka jua linapopanda. Kwenye ukuzaji huu, ua linalotikiswa kwa milimita moja tu limeshatoka katika fokasi.

Toka saa 12 asubuhi, na uwe umemaliza kufikia saa 3. Katika saa hizo hewa imetulia, na wadudu bado ni wazito: kerengende aliyelala kwenye ubua wa nyasi akiwa na umande mabawani atakuacha umsogelee hadi sentimita 8, jambo asilolikubali kabisa saa 4.

Kwa ua au jani, funga kibanio cha nguo kwenye kijiti, kisimike ardhini na ubane ubua chini kidogo ya unapopiga. Kanga iliyotandazwa kati ya vijiti viwili upande upepo unakotokea inasaidia sana, na ikiwa nyeupe inarudisha mwanga upande wa kivuli.

## Hatua ya 8: Mdudu wa kwanza awe majimoto

Nawashauri wanaoanza wasimwanze nyuki wala kipepeo. Waanze na majimoto, wale chungu wekundu wanaoshona majani ya michungwa na minazi kwa hariri ya mabuu wao. Katika mashamba ya Muheza hutahangaika kuwatafuta. Wana faida moja kubwa kwa mpigaji: wakihisi mgeni hawakimbii. Husimama, hunyanyua tumbo, hufungua mataya na kukutazama, na hapo ndipo unapopata sekunde mbili au tatu za utulivu.

Usimkimbize chungu mmoja kwenye shina. Tafuta mahali njia yao inapopita juu ya jani lililo wazi, weka fokasi kwenye ukingo wa jani hilo, kisha ngoja. Wataingia wenyewe katika eneo lako mmoja baada ya mwingine, nawe utakuwa unayumba milimita chache tu kumpata anayefaa. Lenga jicho. Katika picha ya mdudu, jicho likiwa limetulia macho ya mtazamaji yanasamehe ukungu wa miguu, na jicho likiwa na ukungu hakuna kingine kitakachoiokoa picha.

Vaa mikono mirefu, na ufito wako usiguse shina, kwa sababu wataupanda kama daraja. Majimoto wanauma na kunyunyiza asidi mahali walipouma, kwa hiyo usijipanguse macho kabla hujanawa. Usifungue kiota ili kuona ndani: chungu hawa huwinda wadudu wanaoharibu nazi na matunda, na kiota kilichochanwa ni hasara ya mwenye shamba. Vilevile usimweke mdudu yeyote kwenye friji ili atulie, wala usimbandike kwa gundi.

## Hatua ya 9: Kagua, chagua, unganisha

Usihukumu picha kwenye kioo kidogo cha kamera, ambacho hufanya kila kitu kionekane kikali. Ikuze hadi mwisho na utazame jicho. Futa bila huruma.

Kwa kitu kisichosogea, kama singa za mkonge, sarafu au ua lililotulia ndani ya chumba, unaweza kupiga picha kumi ukisogea kidogo sana kila mara kutoka mbele hadi nyuma, kisha ukaziunganisha kwa programu ya bure kama Picolay, inayochukua sehemu iliyotulia ya kila picha na kutoa moja iliyotulia yote. Hatua za kusogea ziwe ndogo kuliko unene wa eneo lililotulia, vinginevyo itabaki mistari ya ukungu katikati.

## Hatua ya 10: Ilinde lenzi na hewa yetu

Hewa ya Tanga ina chumvi na unyevu. Ukirudi, kwanza pulizia vumbi kwa pampu ya mpira, ndipo ufute mwili wa kamera kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Ukianza kwa kufuta, utaburuta chembe za mchanga juu ya kioo.

Hifadhi lenzi katika kontena la plastiki lenye kifuniko cha kubana, pamoja na vile vipakiti vya chembe za kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Usitumie mchele, kwa sababu una vumbi. Lenzi iliyoachwa ndani ya begi msimu mzima wa masika huota kuvu, nyuzi nyembamba kama utando wa buibui ndani ya kioo, na kuvu ikishakula kioo hata fundi akisafisha alama zitabaki.

## Kwa mwenye simu

Nenda kwa fundi saa na umwombe akuonyeshe ile lenzi anayoibana jichoni. Lenzi kama hiyo, ikishikwa kwa selotepu mbele ya kamera kuu ya simu, inafanya kazi kuliko ile kamera ndogo ya makro iliyo nyuma ya simu nyingi za bei nafuu, ambayo mara nyingi ina megapikseli 2 tu. Hakikisha unatumia kamera kuu, kwa kuwa simu nyingine hujibadilishia kamera zenyewe unapokaribia kitu.

Katikati ya lenzi ya fundi ikae sawasawa mbele ya katikati ya kamera ya simu. Ikiwa imeenda upande, nusu ya picha itavutika. Gusa kioo cha simu na ushikilie kidole hadi fokasi na mwanga vifungwe, kisha sogeza simu nzima mbele na nyuma kama ilivyoelezwa katika hatua ya 4, ukiwa umeegemeza kingo zake kwenye soksi ya maharage. Zima flashi ya simu, ambayo iko pembeni mno, na utumie mwanga wa dirisha uliopita kwenye karatasi nyeupe. Kingo za picha zitakuwa na ukungu hata ukifanya yote sawasawa, kwa hiyo weka unachokipiga katikati na ukate pembe baadaye.

Jaribu kwenye pindo la kanga. Nyuzi zikionekana moja moja zikipishana juu na chini, na rangi ikionekana imeshika uzi huu na kuukosa ule wa jirani, simu yako iko tayari kwenda shambani.